Siku Tisa za Ubao Mtupu

Juma lililopita tulimzika Papa Donatien, mstaafu wa reli, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa ya turubai la matanga, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, nikijifanya mgeni katika avenue niliyokaa zaidi ya miaka thelathini, pale bintiye Clarisse aliponifuata. Alikuwa amefika kutoka Kolwezi usiku uliotangulia, macho yamevimba. Akachuchumaa mbele yangu, kama wanavyofanya watoto waliolelewa vizuri, akasema, “Mama Léonie, papa alisemaka, kama anakufa, saa ya kumuzika iandikwe ku tableau yako. Hapana ku telefone. Ku tableau.” Nikamjibu kwamba ubao uko nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake, umeshaharibika. “Nimeisha kuipanguza,” akasema. “Chaki pia nimeleta.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefikisha ujumbe asioujua maana, “Alisema tena, uko na kintu kingine ya kuandika. Hakuniambia ni kintu gani.” Mimi nilijua ni kitu gani. Nilitazama matawi ya mitende yaliyofungwa mlangoni kuwaonyesha wapita njia kwamba hapa kuna msiba, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikalia, na wanawake waliokuwa karibu wakadhani ninamlilia marehemu.

Watu wakikumbuka mwaka uliowageuza, mara nyingi hukumbuka ujana. Mwaka wangu ulinikuta nimeshakuwa bibi, nimeacha chaki ya shule ya msingi, magoti yananilalamikia kila nikipanda ngazi, nikidhani dunia imemalizana nami. Habari za nilikozaliwa na za wazazi wangu nitaziacha. Hazipunguzi kosa wala haziliongezi. Nitasema tu kwamba kwa muda wote niliokaa hapa Lubumbashi, bourgmestre, mkuu wa komini yetu, aliletwa kutoka juu na hakuna aliyetuuliza lolote, mpaka siku tulipoambiwa tuchague wenyewe watu wa kukaa katika baraza la komini. Mama Véro, mke wa Papa Donatien, aliingia kwangu bila kubisha hodi, mikono imejaa unga. “Weye njo utaenda,” akasema. “Bale bengine banajua kusema tu. Weye uko mwalimu, utakuya kutuelezea.” Nilicheka. Yeye hakucheka. Majuma matatu alizunguka nyumba kwa nyumba na picha yangu aliyoibandika kwenye kipande cha katoni, na kila mlango aliusemea maneno yale yale: “Léonie hawezi kuficha kintu.” Ahadi hiyo sikuitoa mimi. Aliitoa yeye kwa niaba yangu, nami nikaiacha ipite kwa kuwa ilinipa kura, na tangu siku ile watu wakaniita Mama Konseye, yaani diwani wao.

Ubao wenyewe ulikuwa nusu ya ubao wa darasa langu la zamani, uliovunjika siku dari lilipoanguka. Papa Donatien aliupigilia kwenye miguu miwili ya mti, nasi tukaupaka weusi upya kwa makaa ya betri za redio zilizokufa, yaliyotwangwa na kukorogwa kwa maji ya majani, kazi ambayo kila mwalimu wa huku anaijua. Tukausimamisha mbele ya ua wangu, pale avenue yetu inapokutana na barabara ya lami. Kila Jumamosi asubuhi nilifuta habari za juma lililopita na kuandika mpya: salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, itakuwa siku gani, kamio, lori la takataka, litapita wapi, baraza limesema nini na nani alipinga. Kwa kuwa wengi wa majirani hawakusoma, na wengine walisoma wakasahau, Papa Donatien alisimama kando ya ubao saa moja kamili, amevaa kofia yake ya reli, akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia maisha yake yote kutangaza gari-moshi kwenye gare, kituo chake cha reli. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nataka kwenda zangu nikiwa nimeacha sehemu ya chini wazi, akanishika mkono. “Ku gare, tableau haibaki wazi, Mama Konseye. Train ikichelewa, andika inachelewa. Kama haujue, andika haujue. Bantu bakiona tableau iko wazi, banazania train iko mu njia.” Nikaandika chini: *Habari ya taa za barabarani, bado sijui.* Watu walicheka sana kuona konseye anaandika kwamba hajui, na nadhani siku ile ndipo walipoanza kuniamini.

Baada ya kusoma tulikula kwa Papa Donatien na Mama Véro. Sijawahi kukaa katika chumba kidogo chenye watu wengi kama kile. Meza ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa sababu ya mguu mmoja mfupi, juu yake msalaba na picha ya komunyo ya kwanza ya Clarisse, na mlangoni daima kulikuwa na mtu mwenye swali. Bukari, ugali wetu, ilikuja katika sinia, na mboga ya lengalenga, na samaki wa kukaushwa wa Kasenga ambao Mama Véro aliwaloweka tangu usiku. Majira ya mvua yakifika, uyoga badala ya samaki. Watu walizungumza wakitafuna: nani amejenga juu ya mfereji, nani amehamisha mpaka, kwa nini kamio la takataka lilionekana likibeba matofali ya mtu. Nilisikiliza, na Jumatatu nikayapeleka yale yale kwenye baraza kwa Kifaransa cha heshima. Mama Véro alinitania mbele ya wote: “Angalieni Léonie, anakula na masikio.” Nilifurahi mwaka ule. Niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Kufika uzeeni ukaanza kuhitajika upya ni kitu kinacholevya, nami sikuwa nimezoea kunywa.

Ukumbi wa baraza ulikuwa chumba kirefu nyuma ya ofisi za komini, na feni ambalo halikuwahi kuzunguka na madirisha yaliyobandikwa magazeti mahali pa vioo. Prezida wa baraza alikuwa mfanyabiashara wa unga, mtu wa sauti ya upole, aliyekumbuka majina ya watoto wa kila mmoja wetu. Si mtu mbaya. Nimejaribu kumfanya awe mbaya na nimeshindwa. Jambo kubwa tulilofanya mwaka ule ni pompe, kisima cha kuchimbwa kwa mashine chenye pampu ya mkono, mwisho wa avenue yetu. Mimi ndiye niliyeiomba, nikaisemea miezi mitano. Siku ya kuifungua tulikata utepe, mapadri wakabariki, Mama Véro akawa wa kwanza kujaza ndoo, akanimwagia kiganja kimoja kichwani watu wakipiga vigelegele. Picha ya siku hiyo ilitundikwa ukumbini, nami niko katikati nimelowa, ninacheka. Siku chache baadaye, baada ya kuandika ubaoni habari ya kamio na yale matofali, nilimsikia prezida kwenye veranda akimwambia mwenzake, “Huyu mwalimu ni redio isiyo na kitufe cha kuzima. Kipindi kijacho tutajadili mambo akiwa hayupo.” Walicheka kidogo tu. Lakini maneno yale yaliniingia. Niliogopa kufungiwa nje ya chumba kile kibovu kuliko nilivyowahi kuogopa kufungiwa nje ya nyumba.

Halafu ikaja mvua. Ilinyesha majuma mawili bila kupumzika, mashimo ya vyoo yakafurika, avenue ikawa mto mwekundu. Jumatatu moja muuguzi wa sentre ya afya alifika barazani na pikipiki, matope mpaka magotini, hakukubali kukaa. Alisema ana wagonjwa katika nyumba mbili karibu na pompe, wanahara maji na kutapika, na yeye haoni ugonjwa mwingine ila kolera, kipindupindu. Maji ya pompe yamepelekwa kupimwa, majibu yatachukua siku. “Mimi ningefunga pompe leo,” akasema. Prezida alimshukuru vizuri. Muuguzi alipotoka, tukabaki tunatazama picha ukutani. Mmoja akasema watu watapata hofu. Mwingine akasema tukifunga halafu majibu yawe mazuri, tutachekwa katika Lubumbashi nzima, kisima kipya, utepe hata haujaoza. Prezida akasema kwa upole ule ule, “Tungoje majibu. Mpaka hapo, hakuna neno linalotoka humu. Hata ubaoni, Mama Léonie.” Kisha akaomba tunyooshe mikono. Nilitazama mikono ya wengine ikipanda, mmoja mmoja. Nikanyoosha wangu.

Njiani kurudi nilijiambia kwamba ni siku mbili tatu tu. Nyumbani nikamwambia mdogo wangu Odile, ninayeishi naye, kwamba kuanzia leo maji yote yachemshwe, hata ya kusukutua. Akauliza kwa nini, nikamjibu ni majira ya mvua. Sentensi hiyo nimeipima mara nyingi. Haikuwa uongo.

Ilipofika Jumamosi majibu hayajaja. Niliamka, nikachukua kitambaa, nikafuta ubao kama kawaida, kwa mazoea tu, mkono ukienda wenyewe, kisha nikasimama na chaki bila kuwa na neno la kuandika. Kuandika habari ya salongo na kuruka maji niliona ni unafiki. Kuandika maji nilikuwa nimenyoosha mkono nisiandike. Papa Donatien alifika saa moja kamili na kofia yake, akautazama ubao, akanitazama. “Leo hakuna?” Nikasema, “Leo hakuna, papa.” Akasema taratibu, “Haujue, ao haiko?” Nikasema nina kichwa kinauma, nikaingia ndani. Kwa pazia nilimwona akiwaambia waliokusanyika waende, leo hakuna. Wakaenda. Baadhi yao walikuwa wamebeba ndoo.

Uvumi ulikuwa umeshaanza, maana mgonjwa hafichiki katika avenue ambayo kuta zake ni nusu tofali. Siku ya Jumapili, baada ya misa, Mama Véro alipita kwangu na bidoni mbili za manjano, madumu yake ya kutekea maji. Alikuwa mchangamfu. “Léonie, kule juu banasema mayi ya pompe inaua bantu. Mi nikabaambia, nyamazeni! Kama ingekuwa kweli, Léonie angeandika. Nilienda kuangalia tableau, iko wazi. Nikabaonyesha: munaona? Hakuna kintu.” Mbele yangu alisimama mtu aliyeutumia ukimya wangu kama ushahidi, na alikuwa ameutembeza nyumba kwa nyumba kama alivyotembeza picha yangu. Nikasema, “Véro, chemsha maji. Wakati wa mvua ni vizuri kuchemsha.” Akacheka kile kicheko chake cha tumboni, maana makaa ya avenue nzima yalikuwa yamelowa. “Na makala gani? Makala yote inalowa. Weye unakuwa muzungu sasa?” Nilifungua mdomo. Ilikuwa lazima niseme maneno matatu tu, *maji ni mabaya*, pale mlangoni, bila ubao, bila baraza, mwanamke kwa mwanamke. Odile alikuwa uani akichemsha sufuria. Mama Véro aliiona, akasema, “Munapika chai mingi kweli,” akainua bidoni zake akaenda zake kwenye pompe.

Aliugua Jumanne asubuhi. Jumatano nilimkuta kwenye hema la wagonjwa nyuma ya sentre, kwenye kitanda cha turubai kilichotobolewa tundu katikati, ndoo chini yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo siku nzima. Macho yalikuwa yamezama, lakini aliponiona alijaribu kutengeneza kitambaa chake kichwani. “Léonie,” akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, “njo ile mayi. Ni kweli. Haukujua, mama, usilie. Enda andika. Bantu basikunywe tena.” Nilienda. Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliandika kwa herufi kubwa, ubao mzima: MSITEKE MAJI YA POMPE. NI KOLERA. Watu walikimbia na ndoo kuzimwaga mferejini, na vijana wakafunga mnyororo kwenye mkono wa pampu. Ilikuwa saa nane mchana. Mama Véro alikuwa ameshakufa saa saba.

Mwili haukurudishwa nyumbani. Wafu wa kolera huzikwa na watu wa afya, katika mfuko uliofungwa, hakuna wa kuosha, hakuna wa kuvalisha, na Papa Donatien alifika jioni akiwa amebeba viatu vya mkewe mkononi, basi. Alipita mbele ya ubao, akasimama, akausoma kimya. Nilitoka nje. Aliniuliza bila kugeuka, “Ulijua siku gani?” Nikasema, “Jumatatu.” Akasema, “Ya juma hii?” Ningeweza kusema ndiyo. “Ya juma iliyopita,” nikajibu. Aliinamisha kichwa, midomo yake ikihesabu, kama alivyohesabu zamani ucheleweshaji wa gari-moshi. “Siku tisa,” akasema. Kisha akasema neno lake la mwisho kwangu juu ya jambo hilo: “Basi andika na ile.” Nikamwambia kesho.

Kesho yake majibu yalikuja, na prezida akaja mwenyewe mbele ya watu kunishika mkono. Akasema Mama Konseye aliona hatari kabla ya wote, akaandika bila hata kungoja karatasi. Watu wakapiga makofi. Mama Bijou, mwenye duka la jumla pale kona, mtu wa Goma, aliyempoteza mdogo wake juma lile lile, aliniletea kuku mwekundu amefungwa miguu, akaniambia, “Bila wewe, mama, tungekwisha wote.” Nilimpokea yule kuku. Nilikuwa nimewaandikisha watoto wa darasa la nne miaka mingi, wima na mlazo, *mficha maradhi kilio humfichua*, na kilio kilipofika, mimi hakikunifichua, kikanivika sifa. Ningependa kusema nilijiuzulu. Sikujiuzulu. Niliendelea kuandika kila Jumamosi, tena kwa urefu kuliko zamani, kila kitu, mpaka idadi ya taa zilizovunjika, lakini Papa Donatien hakusoma tena kwa sauti. Alipita na kofia yake mkononi, ananisalimu kwa heshima, “Yambo, Mama Konseye,” na hasimami. Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililonila. Mwaka ulipoisha nilisema miguu ya ubao imeoza kwa mvua, nikauhamishia nyuma ya nyumba kwa kuku.

Basi juma lililopita, mbele ya matanga yake, Clarisse na vijana wawili waliuegemeza ubao kwenye ukuta. Niliandika taratibu, mkono umesahau kidogo. *Kutoa mwili morgi, saa tatu. Misa, saa nne. Kuzika, saa sita.* Clarisse alisimama kando, na bila mtu kumwambia akaanza kuwasomea wasiojua kusoma, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yake, ile ya gare, neno moja moja. Akafika saa sita akanyamaza. Nusu ya chini ya ubao ilikuwa wazi. Watu walikuwa wanaanza kugeuka. Nikainama, magoti yakalia, nikaandika:

*Mwaka wa kolera, nilijua Jumatatu kwamba maji ya pompe yanaua. Niliandika Jumatano ya juma lililofuata. Siku tisa. Nyumbani kwangu tulichemsha. Léonie.*

Clarisse alikuwa ameshaanza kusoma kabla ya kuelewa anachosoma. Nilisikia sauti yake ikipungua kasi kwenye neno *tisa*, lakini hakuacha. Alisoma mpaka jina langu, kama mtu wa reli asiyeruka kituo. Wimbo wa wanawake ulikatika. Mtu mmoja akasema, “Eh, Mungu wangu.” Clarisse alinigeukia. “Papa alijua?” akauliza. Nikasema alijua. “Na hakusema?” Nikasema, “Alikuwa ananingoja mimi.” Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Nilitaka kurudi kwenye kile kiti changu cha nyuma, nikageuka, naye akaniwekea mkono kifuani, si kwa nguvu. “Hapana, mama. Bakia hapa karibu na tableau. Bantu batakuya kukuuliza.”

Nikabaki. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Bijou.